Ukarimu Usingoje Ukame

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hutajwa mno makanisani kila saa ya sadaka inapowadia, na ni nadra kumpata Mkenya asiyeijua. Hata hivyo, tangu maisha yawe magumu, nimekuwa nikiisikia kauli nyingine ikitoka vinywani mwa waumini wema, watu ambao hakuna awezaye kuwashutumu kwa ubahili. Husema: "Nyakati hizi hazitabiriki. Acha kwanza nijikimu mimi na watoto wangu; nikishakuwa na uhakika nitawakumbuka wengine."

Kauli hiyo haifai kubezwa. Mtu aliyeuona mshahara wake ukimegwa kwa makato mapya, na shilingi ya Kenya ikishuka hadi takriban 160 kwa dola moja ya Marekani mnamo Januari 2024, ana sababu ya kuogopa kesho yake. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, na hofu hiyo naijua. Lakini swali linabaki pale pale: je, Mkristo angoje uhakika ndipo awe mkarimu? Na iwapo hapaswi kungoja, ukarimu wake uchukue sura gani?

Ningependa tulijibu swali hili tukiwa Oltepesi. Msafiri atokaye Nairobi akashika barabara ya Magadi kupitia Kiserian huiacha baridi ya vilima vya Ngong, akateremka Bonde la Ufa hadi kwenye nchi ya joto, mawe na migunga. Huko ndiko iliko Oltepesi, katika Kaunti ya Kajiado. Jina lenyewe ni la mti. Kwa Kimaasai, oltepesi ni aina ya mgunga wenye kichwa kipana kama mwavuli, ambao maganda ya mbegu zake huliwa na mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Ni jina linaloifaa nchi ambayo wakazi wake wamejifunza kuishi na kisichotabirika.

Nacho kisichotabirika wamekiona. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, jambo ambalo Pembe ya Afrika haikuwa imelishuhudia kwa muda wa miaka 40. Mnamo Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Tarehe 14 Februari 2023 mrithi wake, Rais William Ruto, aliongoza maombi ya kitaifa ya kuomba mvua katika Uwanja wa Nyayo. Kufikia wakati huo mifugo zaidi ya milioni mbili walikuwa wamekufa nchini, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Kisha mvua ikaja, na katika msimu wa Machi hadi Mei 2024 ikaja kwa gharika. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha nchini, Mto Athi ukavunja kingo zake, na baadhi ya mitaa ya Kitengela ikazingirwa na maji. Walioomba mvua mwaka mmoja waliyakimbia maji mwaka uliofuata. Huyo anayesubiri uhakika, basi, atausubiri mpaka lini?

Nimepata kumuuliza mzee mmoja wa kanisa kule Oltepesi ni vipi alivyoweza kusimama tena baada ya ukame ule. "Mwalimu," akanijibu, "ng'ombe wangu wangekuwa wote bomani mwangu, wangekufa wote. Waliobaki ni wale niliowapa watu." Nikataka kujua kama ng'ombe hao walikuwa mkopo, na kama sasa aliwadai. Mzee akacheka. "La, mwalimu. Deni ni jambo jingine. Hiyo ni osotua."

Kwa mwanaisimu, jibu hilo ni hazina. Neno osotua, kwa asili yake, ni kamba ya kitovu, ile inayomuunga mtoto na mamaye kabla ya kuzaliwa. Kutokana na maana hiyo ya kimwili, Wamaasai wamelipa neno hili maana ya uhusiano wa kudumu kati ya watu wawili wanaopeana kwa kadiri ya uhitaji. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Lee Cronk, ameuchunguza uhusiano huu kwa miaka mingi miongoni mwa Wamaasai wa Kenya, na anaeleza kanuni zake kwa uwazi. Kwanza, msaada hutolewa kwa anayeuomba, naye huomba pale tu anapouhitaji kweli. Pili, huomba kiasi kile tu kinachomtosha. Tatu, anayeombwa hutoa, mradi kutoa kwake kusiyavunje maisha yake mwenyewe. Nne, hakuna daftari. Aliyepewa ng'ombe watatu hadaiwi ng'ombe watatu. Anachodaiwa ni kuwa tayari siku mwenzake atakapofikwa. Deni lina jina lake, huitwa esile, na Wamaasai hawavichanganyi vitu hivyo viwili.

Tena zawadi yenyewe huweza kugeuka kuwa jina. Watu wawili waliopeana ng'ombe huitana pakiteng'. Waliopeana kondoo huitana paker. Mnyama mwenyewe huenda alikwisha kufa zamani, lakini jina hudumu, na kila salamu huwakumbusha kwamba wamefungamana.

Jambo la kustaajabisha zaidi limo katika Biblia. Wafasiri walipotafuta neno la Kimaasai la kueleza lile ambalo sisi kwa Kiswahili huliita agano, walichagua neno hilo hilo la osotua. Kwa Kimaasai, Agano la Kale ni Osotua Musana, na Agano Jipya ni Osotua Ng'ejuk. Maana yake ni kwamba mwumini wa Oltepesi aifunguapo Biblia yake, neno la kwanza analokutana nalo juu ya uhusiano wa Mungu na wanadamu ni lile lile analolitumia kwa mwenzake aliyempa mtamba wakati wa dhiki. Wala Kiswahili hakiko mbali. Agano limetokana na kuagana, kitenzi chenye kiambishi cha kutendana ndani yake; hakuna awezaye kuagana peke yake.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya wafugaji tu. La hasha. Si mbali na Oltepesi kuna Olorgesailie, mahali palipopata sifa duniani kwa mashoka ya mawe yaliyochunguzwa na Louis na Mary Leakey kuanzia miaka ya 1940. Mwaka 2018, wataalamu wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza kuwa watu walioishi hapo yapata miaka 300,000 iliyopita walitumia mawe meusi ya volkeno ambayo asili yake ni makumi ya kilomita kutoka hapo. Mawe hayo hayakutembea yenyewe. Wataalamu hao wanaona ndani yake dalili ya watu wa makundi ya mbali waliokuwa wakibadilishana vitu, tena katika zama ambazo tabia ya nchi ilikuwa ikigeuka-geuka. Sithubutu kusema kwamba kule kulikuwa kutoa sadaka. Nasema tu kwamba palepale bondeni, nyakati zilipokuwa za wasiwasi, binadamu hakujifungia na alichonacho, alimtafuta mwenzake.

Tuirejee basi lugha yetu wenyewe, kwani nayo ina jambo la kutufunza. Makanisani kwetu tumekizoea kitenzi kutoa. Tunatoa sadaka, tunatoa fungu la kumi, tunatoa mchango. Sentensi "Nimetoa shilingi elfu moja" imekamilika kisarufi, wala hakuna anayedai kuambiwa zimemwendea nani. Isitoshe, kutoa ni pia kuondoa: tunatoa jino bovu, tunatoa takataka nje. Hali ni tofauti kwa kitenzi kupa. Hakuna Mswahili asemaye "Nimepa shilingi elfu moja." Atasema nimempa, nimewapa, nimekupa. Kitenzi hiki, kitumikapo katika sentensi ya kawaida, hukataa kusimama mpaka kimbebe ndani yake yule anayepokea. Kutoa huuliza ni kiasi gani. Kupa huuliza ni nani. Naona kwamba maradhi ya ukarimu wetu wa siku hizi yamo katika tofauti hiyo. Tumekuwa hodari wa kutoa na wavivu wa kupa.

Ushahidi hauko mbali. Kwa miaka mingi tumewaona wanasiasa wakipanda madhabahuni Jumapili wakiwa na mabunda ya noti, kiasi kikatangazwa kwa kipaza sauti, na waumini wakapiga makofi. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana, ambaye mwenyewe ni Mmaasai, aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika ibada za kanisa lake. Mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitangaza kwamba fedha zilizotolewa na Rais katika parokia ya Soweto jijini Nairobi zingerejeshwa. Jirani zetu Watanzania nao walipata kuona neno jema likiharibika. Takrima, neno lililozaliwa na mzizi mmoja na ukarimu, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ili kuwaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipovitangaza vifungu hivyo mwaka 2006 kuwa kinyume cha Katiba. Zawadi inayonunua kura ni esile iliyovishwa kanzu. Aliyeipokea ameandikwa daftarini, hata kama hajui.

Wala tusiwanyooshee wanasiasa kidole peke yao. Mhubiri anayewaambia waumini wapande mbegu ya fedha ili wavune gari amemgeuza Mungu kuwa mdaiwa. Nasi wengine tunaobeba magunia ya unga hadi kijijini siku moja katika mwaka, tukapiga picha na akina mama waliojipanga jua kali, kisha tukaondoka bila kulijua jina la hata mmoja wao, tumetoa kweli; lakini tumempa nani? Bwana Yesu aliwaonya wanafunzi wake dhidi ya kupigia sadaka tarumbeta. Na yule mjane wa sarafu mbili, ambaye hutajwa sana kikapu kinapopitishwa, katika Injili ya Marko ametanguliwa na onyo kali dhidi ya viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Ni nadra kulisikia onyo hilo likisomwa saa ya sadaka.

Je, kanisa la kwanza lilifanyaje nyakati zilipokuwa za wasiwasi? Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 11, kinasimulia jinsi nabii Agabo alivyofika Antiokia na kutabiri njaa kubwa, ambayo ilitokea wakati wa Kaisari Klaudio. Msomaji azingatie mpangilio wa matukio. Waumini wa Antiokia hawakungoja kuona mizoga. Waliposikia utabiri, waliamua palepale kwamba kila mmoja, kwa kadiri ya uwezo wake, apeleke msaada kwa ndugu waliokaa Uyahudi, wakaukabidhi kwa Barnaba na Sauli. Hawakusema kwamba kwa kuwa njaa inakuja, kila mtu aweke akiba yake. Habari ile ile ambayo ingetufanya sisi kufunga mikono ndiyo iliyowafanya wao kuifungua.

Baadaye Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya mchango mwingine wa Yerusalemu, aliwatajia makanisa ya Makedonia, ambayo yalitoa kwa wingi yakiwa katika umaskini. Lakini aliwafafanulia pia kwamba hakukusudia wengine wapate nafuu ilhali wao wanalemewa. Alitaka usawa: ziada ya hawa iwafae wale katika upungufu wao, na siku mambo yatakapogeuka, ziada ya wale iwafae hawa. Mzee wa Oltepesi angelisikia fundisho hilo angetikisa kichwa kwa kukubali, kwa maana hizo ndizo kanuni za osotua.

Hapa ndipo ninapopata jibu la wale wanaohofia karo za watoto wao. Ukarimu wa agano haukudai uivunje nyumba yako. Unakudai usijifanye kwamba huna, wakati unacho. Na kwa wale wanaosema kuwa kusaidia huwafanya watu wavivu, najibu kwamba wamezichanganya sadaka za mtu asiyejulikana na uhusiano wa watu wanaojuana. Katika osotua, anayeomba bila kuhitaji hujivunjia heshima, na habari zake husambaa. Udanganyifu hustawi pale ambapo mtoaji na mpokeaji hawana majina.

Hata hivyo, Ukristo hauishii kwenye kamba iliyokwisha kufungwa. Msamaria mwema hakuwa na uhusiano wowote na yule aliyevamiwa njiani. Aliufunga siku ile ile, kwa mafuta, divai na gharama za nyumba ya wageni. Nasi watu wa Kajiado tuna kazi hiyo mbele yetu. Idadi ya wakazi wa kaunti hii ilipanda kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019. Mashamba ya jumuiya, ambayo wafugaji waliyamiliki kwa pamoja, yamegawanywa, vipande vikauzwa, nyua za seng'enge zikasimama mahali ambapo ng'ombe walipita kuyafuata malisho. Walionunua wengi ni Wakristo wanaoishi kwa mshahara au kwa biashara, na Jumapili hujaza makanisa ya Kitengela na Ongata Rongai. Seng'enge imeziba njia ambayo osotua ilikuwa ikipitia. Ni wajibu wa Mkristo aliyeisimika kuuliza ni njia gani nyingine ataifungua.

Napendekeza mambo manne. La kwanza, kila kanisa la mjini lifunge agano na kanisa moja la nchi kame, wajuane kwa majina, watembeleane wakati wa mvua, kabla ya dhiki. La pili, tumsikilize Agabo wetu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi juu ya hali ya malisho na maji katika kaunti kame. Taarifa hizo zikianza kuonya, huo ndio wakati wa kununua nyasi kavu na kuwanunua mifugo wangali na bei, badala ya kungoja hadi ngozi igandamane na mbavu. La tatu, ukame ukiisha tusiondoke. Familia iliyobaki bila kitu huinuliwa na mbuzi wachache majike kuliko na gunia la unga. La nne, kiasi kisomwe katika kamati na kuandikwa katika vitabu vya kanisa ili kusiwe na wizi, lakini kisitangazwe kwa kipaza sauti, wala mpokeaji asipigwe picha.

Aidha, sisi wa mjini tujifunze kuomba, na hili huenda ndilo gumu kuliko yote. Nabii Eliya, wakati wa ukame, aliomba maji na mkate kwa mjane wa Sarepta ambaye hakuwa na kitu ila konzi ya unga na mafuta kidogo. Hakuona haya. Mafuriko ya mwaka 2024 yalituonyesha kwamba mwenye nyumba ya mawe huweza kulala nje usiku mmoja, naye akamhitaji mtu aliyemdhania kuwa maskini. Anayetaka siku zote awe mtoaji na kamwe asiwe mpokeaji hajaingia katika agano. Amejitafutia ubwana tu.

Ndugu msomaji, hakuna ajuaye msimu ujao utaleta nini. Idara ya hali ya hewa itatabiri, wachumi watakadiria, na bado yatatokea tusiyoyatarajia. Kamba ya kumwokoa aliyetumbukia kisimani hufumwa mapema. Jumapili ijayo kikapu kitakapopita mbele yetu, tusijiulize tu tunatoa kiasi gani. Tujiulize lile swali ambalo sarufi ya Kiswahili hutuuliza kila siku tunapolitamka neno kupa: unampa nani?